Chumvi haina molekuli: mwongozo wa bondi ya ioni kwa anayeanza

Mpe mwanafunzi wa Kidato cha Pili kalamu, mwambie achore chumvi ya mezani jinsi anavyodhani ilivyo kwa ndani. Wanaokuja kwangu tuisheni huchora karibu wote kitu kilekile: viduara viwili vimegusana, kimoja kimeandikwa Na, kingine Cl, kama bwana na bibi harusi wanaopigwa picha. Nikiuliza bondi, yaani kile kinachovishika pamoja, iko wapi, wananionyesha pale viduara vinapogusana.

Mchoro huo ndio unaowaponza. Mwenye picha hiyo kichwani atakariri kwamba chumvi haiyeyuki mpaka ipate joto kali sana, kwamba inapitisha umeme ikiwa majini lakini si ikiwa kavu, kwamba ni ngumu ila hupasuka upesi. Muulize kwa nini, hata jambo moja hataweza kulieleza. Kwa hiyo kazi ya mwongozo huu ni kuwafuta hao maharusi na kuchora kitu kingine mahali pao. Tafuta jedwali la elementi, daftari, chaki, kiganja cha maharage na kiganja cha mahindi makavu. Mwishoni tutahitaji pia betri tatu na taa ndogo ya LED kutoka kwenye tochi iliyokufa.

1. Hesabu elektroni mpaka mzingo wa nje

Atomu ina kiini, na ndani ya kiini kuna protoni zenye chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji. Nje ya kiini kuna elektroni, zenye chaji hasi, zimepangwa katika mizingo. Kwa elementi 20 za mwanzo, ambazo ndizo zinazoulizwa sana, mzingo wa kwanza huchukua elektroni 2, wa pili 8, wa tatu 8, na zinazosalia huingia wa nne. Namba ya atomu ndiyo inayokuambia una elektroni ngapi za kupanga.

Sodiamu ni namba 11, basi ni 2, 8, 1. Klorini ni namba 17: 2, 8, 7. Magnesiamu ni 12: 2, 8, 2. Oksijeni ni 8: 2, 6.

Sasa chora mizingo ya sodiamu sakafuni kwa chaki, upange maharage 11 juu yake. Pembeni chora ya klorini, upange punje 17 za mahindi. Najua inaonekana mchezo wa watoto, lakini nimeshaona kijana aliyeshindana na ubao wiki mbili akaelewa kwa dakika kumi, mara tu elektroni ilipokuwa kitu cha kushika kwa vidole. Utaona haragwe moja limekaa peke yake nje upande huu, na upande wa pili pengo moja. Tumetumia nafaka mbili ili tujue elektroni ipi imetoka wapi, kama unavyotumia nukta na alama ya x kwenye mtihani. Elektroni zenyewe hazina tofauti yoyote, ya sodiamu ni sawasawa na ya klorini.

Na kama umewahi kujiuliza kwa nini sodiamu inaandikwa Na wakati jina lake halina hizo herufi: linatokana na neno la Kilatini, natrium, ambalo ni ukoo mmoja na jina la Ziwa Natron lililoko kaskazini mwa Tanzania. Ziwa lile limejaa magadi, na magadi ni kampaundi za sodiamu. Tutakutana nayo tena mbele.

2. Hamisha, kisha hesabu upya

Liokote lile haragwe la nje, uliweke kwenye pengo la klorini. Sodiamu imebaki na 2, 8. Klorini imekuwa 2, 8, 8. Mpangilio wa kwanza ni kama wa neoni, wa pili ni kama wa argoni, na hizo ni gesi adimu, zile elementi za mwisho wa jedwali ambazo hazina shughuli na mtu.

Wengi huweka kalamu chini hapa. Bado. Rudi kwenye kiini uhesabu chaji. Kiini cha sodiamu hakijaguswa, kina protoni 11 zilezile, ila nje zimebaki elektroni 10. Chanya 11, hasi 10, ziada ni chanya 1. Tunaandika Na⁺. Klorini ina protoni 17 na sasa elektroni 18, basi imezidiwa na hasi 1. Tunaandika Cl⁻. Atomu iliyobeba chaji namna hii ndiyo inayoitwa ioni.

Kila mwaka yupo atakayeandika Na⁻, na ukimuuliza atakujibu kwa kujiamini: "Si imepoteza, mwalimu? Kupoteza ni kutoa." Dawa niliyoizoea ni hii: elektroni ni hasi, kwa hiyo ihesabu kama deni. Mtu akikuondolea deni la shilingi mia, hali yako imepanda kwa mia. Sodiamu imeondolewa deni, klorini imelibeba.

Kosa lingine lina heshima kidogo, maana linatoka kwa anayefikiri: kwamba sodiamu ikishabaki na elektroni 10 imegeuka neoni. Haijageuka. Elementi hujulikana kwa protoni zake, na protoni bado ni 11. Neoni ina 10.

Ukishazoea, huna haja ya kupanga maharage kila mara. Tazama kundi, yaani safu wima ya jedwali ambamo elementi imo. Metali za Kundi la I hutoa moja na kuwa na chaji ya +1, za Kundi la II hutoa mbili na kuwa +2, aluminiamu ya Kundi la III hutoa tatu, +3. Upande wa kulia, Kundi la VII hupokea moja na kuwa −1, la VI hupokea mbili, −2, na nitrojeni ya Kundi la V ikipokea tatu huwa −3. Kaboni, iliyo katikati na elektroni zake nne za nje, kwa kawaida haitoi wala haipokei, hushirikiana na mwenzake. Hiyo ni bondi kovalenti, somo la siku nyingine.

3. Uliza gharama imelipwa na nani

Hatua hii haimo katika madaftari mengi ya kidato cha chini, nami naiweka makusudi.

Utasikia kila mahali kwamba sodiamu "inapenda" kutoa elektroni yake. Haipendi kitu. Kuing'oa elektroni hiyo kutoka kwenye atomu za sodiamu zilizo katika hali ya gesi kunagharimu kilojuli 496 kwa kila moli (kilojuli ni kipimo cha nishati, moli ni kipimo cha idadi kubwa sana ya chembe). Klorini inapoipokea inarudisha kilojuli 349 tu. Toa moja kwa nyingine, unabaki na upungufu wa kilojuli 147. Mambo yangekuwa yameishia kwenye kuhamisha haragwe, hii ingekuwa biashara ya hasara na dunia isingekuwa na chumvi.

Hasara hiyo inafutwa pale ioni zinapokusanyika na kujipanga kuwa fuwele, yaani kitu kigumu ambacho chembe zake zimepangwa kwa mpangilio unaojirudia. Hapo hutoka kilojuli zipatazo 787 kwa moli. Nimeziacha gharama za kuigeuza sodiamu kuwa gesi na za kuvunja molekuli za klorini, lakini hata ukizitia kwenye hesabu, faida inabaki kubwa.

Kwa hiyo kule kuhamisha elektroni ni maandalizi tu. Bondi ya ioni yenyewe ni mvutano wa kiumeme kati ya ioni chanya na ioni hasi. Ukiulizwa maana yake kwenye mtihani ukaandika "ni kutoa na kupokea elektroni" ukaishia hapo, umeeleza namna ioni zilivyopatikana na hujasema kinachozishika pamoja.

4. Futa maharusi

Mvutano wa chaji hauchagui upande. Na⁺ haimtazami mwenzake mmoja, inavuta kila Cl⁻ iliyo jirani: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Hao ni sita. Na kila Cl⁻ nayo imezungukwa na Na⁺ sita.

Jenga. Panga maharage na mahindi mezani kama ubao wa drafti, haragwe, hindi, haragwe, hindi, na mstari unaofuata uanze na hindi, ili pasiwe na haragwe linalotazamana na haragwe mwenzake ubavu kwa ubavu. Panga angalau mistari sita ya punje sita. Sasa fikiria tabaka lingine juu yake, kila hindi limekaa juu ya haragwe na kila haragwe juu ya hindi, kisha tabaka lingine, na lingine. Ukimaliza, chagua haragwe lolote la katikati ujiulize: hili limeoana na hindi lipi? Jibu halipo. Hakuna jozi ndani ya chumvi, kwa hiyo hakuna molekuli ya chumvi.

Jambo hili halikujulikana kwa kubahatisha. Mwaka 1913, nchini Uingereza, William Henry Bragg na mwanawe Lawrence walipitisha eksirei kwenye fuwele na kusoma namna miale ilivyotawanyika. Chumvi ya kawaida ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuchunguzwa, na mpangilio uliotoka ndio huo wa drafti ya ghorofa nyingi. Mwaka 1915 baba na mwana walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Lawrence alikuwa na miaka 25. Lakini wakemia wa zamani hawakufurahi hata kidogo. Mwaka 1927, mzee mmoja mwenye jina kubwa, Henry Armstrong, aliandika kwenye jarida la Nature akilalamika kwa ukali kwamba wanafizikia wanaionea chumvi kwa kuinyima molekuli yake. Alikuwa amefundisha kemia miongo kadhaa. Basi usijisikie mjinga ukiona maharusi wanagoma kuondoka kichwani.

Upate na ukubwa wa jambo lenyewe: chukua punje moja ya chumvi yenye ukingo wa milimita 0.3. Kutoka katikati ya ioni moja mpaka katikati ya jirani yake ni nanomita 0.28 hivi, na nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Ukifuata ukingo mmoja tu wa punje hiyo, umepita ioni zaidi ya milioni moja. Hapo hujahesabu upana wala kimo.

Kama hakuna jozi, NaCl maana yake nini? Ni uwiano. Popote utakapokata kipande cha chumvi, Na⁺ na Cl⁻ zimo moja kwa moja. Ukiishika maana hiyo, hatua inayofuata inakuwa hesabu ya sokoni.

5. Andika fomula kwa kusawazisha chaji

Kanuni ni moja: jumla ya chaji zote lazima iwe sifuri. Chumvi haikupigi shoti ukiigusa, maana yake chanya na hasi zake zimelingana.

Magnesiamu ni +2, klorini ni −1. Ili kufuta +2 unahitaji −1 mbili. Ni MgCl₂. Sodiamu ni +1, oksijeni ni −2, basi sodiamu mbili kwa oksijeni moja, Na₂O. Aluminiamu +3 na oksijeni −2 zinakutana kwenye 6: aluminiamu mbili zinatoa +6, oksijeni tatu zinatoa −6. Ni Al₂O₃.

Shuleni utafundishwa njia ya mkato ya kupishanisha namba, ya huku iende kule na ya kule ije huku. Inafanya kazi, ila ina mtego. Magnesiamu +2 na oksijeni −2 ukizipishanisha kichwa kichwa unapata Mg₂O₂, nami nimesahihisha Mg₂O₂ nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Uwiano wa mbili kwa mbili ni moja kwa moja, basi ni MgO.

Kisha kuna ioni zinazotembea kama kundi, atomu kadhaa zilizoshikamana na kubeba chaji kwa pamoja. Hizi ni za kukariri, sina njia ya kukupunguzia: amoniamu NH₄⁺, haidroksidi OH⁻, naitreti NO₃⁻, haidrojenikaboneti HCO₃⁻, kaboneti CO₃²⁻, salfeti SO₄²⁻, fosfeti PO₄³⁻. Ndani ya kundi lenyewe atomu zimeshikana kwa bondi kovalenti, lakini kundi zima likikutana na ioni nyingine linavutana kiumeme kama kawaida.

Ukihitaji zaidi ya kundi moja, litie kwenye mabano. Chokaa iliyozimwa ni kalsiamu +2 na haidroksidi −1, kwa hiyo Ca(OH)₂. Ukisahau mabano ukaandika CaOH₂ umeongeza haidrojeni na kuiacha oksijeni, na hicho ni kitu ambacho hakipo. Mbolea ya SA anayorushia mkulima mpunga wake ni salfeti ya amoniamu, (NH₄)₂SO₄. Itazame vizuri: hakuna metali hata moja ndani yake, na bado ni kampaundi ya ioni. Ile kanuni ya "metali na simetali" ni nzuri kwa kuanzia, ila usiifanye msahafu.

Magadi tuliyoyaacha ziwani yana kaboneti ya sodiamu, Na₂CO₃, pamoja na haidrojenikaboneti, NaHCO₃, na maji yaliyonaswa ndani ya fuwele. Kwa hiyo bibi anayetia magadi kwenye maharage magumu anatia ioni sufuriani.

Jaribu hizi bila kutazama majibu: potasiamu na oksijeni, kalsiamu na klorini, magnesiamu na nitrojeni, aluminiamu na salfeti. Unapaswa kupata K₂O, CaCl₂, Mg₃N₂ na Al₂(SO₄)₃. Ukiikosa ya mwisho, rudi kwenye mabano.

6. Sasa ijaribu chumvi yenyewe

Kwanza tusafishe lugha. Kiswahili cha nyumbani kinasema siagi imeyeyuka kikaangoni na chumvi imeyeyuka majini, neno moja kwa mambo mawili. Kwenye kemia yatenge: kitu huyeyuka kwa joto, na humumunyika katika maji. Nimeona wanafunzi wakijibu swali la kwanza kwa majibu ya la pili kwa sababu ya neno hilo tu.

Kuyeyuka huwezi kukujaribu jikoni. Chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, na aluminiamu huyeyuka kwenye 660, yaani sufuria yako itakuwa uji wa metali kabla chumvi haijalegea. Kila ioni imeshikwa na jirani sita, na ili kuilegeza lazima uwashinde wote. Pale chaji zinapokuwa kubwa zaidi mambo huwa mazito zaidi: MgO, yenye +2 na −2, huyeyuka karibu na nyuzi 2,850, ndiyo maana hutengenezewa matofali ya ndani ya matanuru ya kuyeyushia chuma.

Kupasuka unaweza kukujaribu. Tafuta chumvi ya mawe, uchague bonge lenye kona zinazoonekana. Lifunge kwa kitambaa, mavumbi yasije yakakurukia machoni, kisha uligonge mara moja kwa nyundo. Kipande hakipondeki kama udongo wala hakibonyei kama msumari. Kinapasuka, na ukikitazama kwenye jua utaona nyuso bapa zinazometa na pembe za mraba. Rudi kwenye drafti yako ya mezani uone sababu: sukuma mstari mmoja mzima hatua moja pembeni. Ghafla kila haragwe linatazamana na haragwe, kila hindi na hindi. Chaji za aina moja husukumana, na tabaka zima linaachia kwa mkupuo.

Umeme ndio wanafunzi wangu wanaoupenda zaidi. Chonga penseli mbili ncha zote mbili. Unganisha betri tatu za voti 1.5 mfululizo, uzifunge pamoja na ile LED na penseli mbili kwa nyaya, mguu mrefu wa LED ukitazama upande chanya wa betri. Usizigusishe penseli zenyewe kwa zenyewe, LED itaungua. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa kwa kazi hii, hata kama mtu mzima amesema anajua.

Chomeka ncha kwenye chumvi kavu: giza. Ioni zimo tele, ila zimefungwa mahali pake, na umeme unahitaji chaji zinazotembea. Chomeka kwenye maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bakuli safi: giza, au mwanga wa kutafutwa kwa macho. Tia kijiko cha chumvi, koroga mpaka imumunyike, chomeka tena. LED inawaka. Maji yameziachanisha ioni na sasa Na⁺ inakimbilia upande hasi, Cl⁻ upande chanya. Suuza ncha, rudia kwa maji ya sukari: giza tena, kwa kuwa sukari ina molekuli kweli, na zinapomumunyika zinatawanyika zikiwa nzima, bila chaji. Fanya hili nje au dirishani, sekunde chache kwa kila zamu. Kwenye penseli ya upande chanya utaona vipovu, na ukiacha muda mrefu utanusa harufu kama ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Hiyo ni klorini, gesi ileile iliyotumiwa kama silaha Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Kwa betri tatu ni chembe tu, lakini hakuna haja ya kuikusanya.

Mara ya mwisho nilipoifanya kazi hii na kundi, maji ya mvua yalikuwa yamekwisha, tukachota kisima cha jirani, hatua chache kutoka baharini. Binti mmoja akachomeka penseli kabla hata hatujafungua pakiti ya chumvi, na LED ikawaka. Wenzake wakasema ameharibu jaribio. Yeye akachovya kidole, akaonja, akachukua chaki na kuandika sakafuni Na⁺ na Cl⁻, mbalimbali, hazigusani.